Vidole vya Nyabiyonza

Ukimwambia mtu kwamba Kihanga kuna kiwanda cha vioo vya kugusa, anacheka kwanza. Kihanga hii ya migomba na maharage? Wengine huuliza kama nina maana ya vioo vya madirisha. Nimechoka kueleza. Siku hizi nikiulizwa kazi yangu nasema nafanya kwa Melkiory, basi, na anayetaka kujua zaidi aje aone. Jina langu ni Uwingabire, ingawa kila mtu ananiita Mama Hirwa, na katika watu kumi na wanne wa kiwanda hicho mimi ndiye msimamizi wa ukaguzi. Hakuna kioo kinachotoka bila kupita mikononi mwangu. Ndiyo maana jambo hili linaniuma kuliko linavyowauma wenzangu.

Melkiory, bosi wetu, si mtu wa kusifiwa ovyo. Ni mbishi, ana haraka, chai anakunywa amesimama. Lakini haki yake nampa. Baba yake alitoka Muleba kuja kufanya kazi ya serikali huku Karagwe, akanunua shamba Nyabiyonza, akafariki mapema. Mama yake, Mama Adelgunda, akabaki na ekari tatu za kahawa na watoto watano. Kila msimu alipeleka kahawa yake kupimwa, na kila msimu karani wa mizani wa enzi hizo alimwandikia kilo alizotaka yeye karani. Gunia linatoka nyumbani lina kilo sitini na tano, kituoni linaandikwa hamsini na nane. Mama alijua. Watoto walijua. Lakini kitabu kilikuwa cha karani, kalamu ya karani, na mkono uliotia alama mahali pa mkulima ulikuwa wa karani pia. Hadithi hiyo Melkiory huwasimulia wageni wote wanaotembelea kiwanda, na sisi wafanyakazi tunaijua kama tunavyoijua Baba Yetu.

Alianza kwa meza moja na mwavuli pale Omurushaka, akibadilisha vioo vya simu. Mafundi wenzake walikuwa wanavitupa vioo vilivyopasuka. Yeye alivibeba nyumbani kwenye mfuko wa sukari, akavibandua tabaka kwa tabaka, akajiuliza kila tabaka lina kazi gani. Akaandikiana na kiwanda kimoja huko China, yeye na Kiingereza chake cha kuungaunga, wao na chao kibovu zaidi, mpaka wakakubali kumuuzia ule utando mwembamba unaopitisha umeme. Akapanga ghala la zamani la mahindi Kihanga, akaliziba matundu, akapaka rangi nyeupe hadi dari. Huo ndio ukawa mwanzo wa kampuni ya Gusa.

Vioo vyetu vya kwanza vilikuwa vya kubonyeza. Vina tabaka mbili zilizoachana kidogo. Ukibonyeza zinakutana, na mashine inajua umebonyeza wapi. Tuliviweka kwenye mashine za kusaga, za kukoboa kahawa, na kwenye matangi ya kupozea maziwa kuanzia Karagwe hadi Kyerwa na kule mpakani. Msagaji alivibonyeza kwa mikono yenye unga, muuza maziwa kwa mikono iliyolowa, na wapo waliotumia kijiti. Havikuwa na uzuri wowote. Ukivitazama ni kama unaangalia kitu kilicho ndani ya mfuko wa nailoni, na baada ya miaka miwili vinajaa mikwaruzo. Lakini vilifanya kazi, na sisi tulikula.

Kisha kila mtu akanunua simu ya kisasa, na wateja wakaanza kutudharau. "Mbona havifanani na vya simu?" Melkiory akaumia. Alikaa mwaka mzima na nusu akijifunza kutengeneza aina ya pili: kioo kitupu, kinachong'aa, ambacho hukibonyezi bali unakigusa tu. Hicho hakisikii uzito wa kidole. Kinasikia umeme kidogo uliomo kwenye ngozi yako. Siku cha kwanza kilipowaka tulipiga vigelegele mpaka majirani wakadhani kuna mtu ameposwa.

Ila kioo hicho kilikuja na sheria yake, na sheria hiyo ndiyo iliyotuponza. Hakipendi vumbi wala uchafu wakati wa kukitengeneza. Chembe moja ya udongo ikiingia kati ya utando na kioo, kazi ya siku nzima inatupwa. Sasa sisi sote ni watu wa shamba. Asubuhi kabla ya kazi mtu ameshamenya ndizi, vidole vimeshika utomvu ule mweusi usiotoka kwa sabuni wala kwa limau. Melkiory akabandika tangazo mlangoni: hakuna kuingia chumba cha vioo na mikono ya shamba. Akatununulia glavu na mafuta ya mgando. Aliyetaka kazi aliacha jembe. Ndani ya miezi miwili mitatu mikono yetu yote ilikuwa laini kama ya wake za mapadre wa Kianglikana. Dada zangu Nyakakika walinitania kwamba nimepata mikono ya karani, na sitaficha, nilifurahi. Mimi ni mtoto wa vibarua waliotoka Burundi. Nilianza kuchuma kahawa ya watu nikiwa sijapoteza meno ya utotoni. Mikono laini kwangu ilikuwa cheti.

Kwa hiyo kwa miaka minne kila kioo kilichotoka Kihanga kilijaribiwa na vidole vyetu wenyewe, vilivyopakwa mafuta. Vyote vilifaulu. Hatukujua kwamba tunajipima sisi.

Mwaka huu ndipo ikaja zabuni iliyokuwa inangojewa. Muungano wa vyama vya msingi ulitaka mizani mpya kwa vituo vyote vya kahawa, mia moja na ishirini kwa wilaya zote mbili, Karagwe na Kyerwa. Mizani yenye kioo. Kahawa inawekwa, kilo zinaonekana kwa tarakimu kubwa, chini yake kuna sehemu mbili: ya kijani imeandikwa NAKUBALI na nyekundu NAKATAA. Anayegusa ni mkulima mwenyewe, si karani. Asipogusa mkulima, risiti haitoki. Melkiory aliposoma masharti hayo alitoka nje, akaenda kusimama nyuma ya choo peke yake kwa muda mrefu. Aliporudi macho yalikuwa mekundu. Alisema vumbi. Nikamwacha na vumbi lake.

Alitia kila kitu alichonacho kwenye kazi hiyo. Vya kubonyeza tuliacha kabisa kuvitengeneza, mashine yake ikauzwa ili chumba kipanuliwe. Tukishinda, kiwanda kinasimama miaka kumi. Tukishindwa, kinafungwa kabla ya Krismasi, na mimi narudi kuchuma kahawa ya watu nikiwa na umri wa miaka arobaini na mmoja. Hayo alitueleza wazi, sote kumi na wanne, na hakuna aliyelalamika. Jaribio lilipangwa lifanyike mwanzo wa msimu, mwezi wa sita, kwenye kituo cha Nyabiyonza, kijijini kwao.

Wiki mbili kabla, nikachukua kioo kimoja nikaenda nacho nyumbani Nyakakika. Nilitaka kumringishia mume wangu. Anastazi ni mkulima, mtu mpole, utani mwingi. Nilimkuta ametoka kupalilia. Nikakiwasha, nikamwambia, "Gusa hapo kwenye kijani."

Akagusa. Kimya. Akagusa tena. Kimya.

"Mama Hirwa," akasema, "kioo chako kina maringo. Kimeniona nimetoka shamba."

Nikagusa mimi, kikalia mara moja. Akagusa yeye kwa kidole gumba, kwa kidole cha shahada, kwa vidole vyote kumi. Viwili tu ndivyo vilivyosikika, vile vidogo vya mwisho ambavyo jembe halivigusi sana. Nikaushika mkono wake nikautazama kama sijawahi kulala naye. Ncha za vidole zilikuwa na sugu ngumu, kavu, za rangi ya kijivu, na utomvu umejaa kwenye nyufa. Ngozi hai iko mbali huko ndani. Kioo hakikuwa na habari naye. Nikamwita jirani, akaja na mama yake, akaja kijana wa kukata majani ya ng'ombe. Watu tisa, wakapita wawili. Anastazi alikuwa bado anacheka. Mimi nilikuwa nimeshakizima kioo.

Kesho yake alfajiri nilikuwa mlangoni kwa Melkiory. Nilimwambia yote. Akaleta kompyuta yake tukaanza kuongeza usikivu wa kioo. Tukauongeza mpaka kikasikia vidole vya mlinzi wetu, ambaye analima. Tukashangilia mapema. Asubuhi iliyofuata ukungu wa Karagwe ulishuka kama kawaida yake, umande ukatua juu ya kioo, nacho kikaanza kujigusa chenyewe. Kilikubali kilo tisini ambazo hazikuwepo, kikakataa, kikakubali tena. Tukarudisha usikivu kama ulivyokuwa.

"Tunahitaji miezi sita," Melkiory akasema. "Pengine minane. Naweza kukitibu, Mama Hirwa. Lakini siwezi kukitibu kwa siku kumi."

"Basi uwaombe wasogeze tarehe."

"Nikiomba, wanaagiza vya nje. Na vya nje vina ugonjwa huohuo, ila mwenyewe hayuko hapa wa kuuona." Alijipangusa uso. "Sikiliza. Tukipata mkataba, tutakuwa na muda wa kurekebisha, na vituo vyote tutavibadilishia bure. Nakuapia. Wewe nitafutie tu wakulima kumi ambao vidole vyao vinasikika."

Ningeweza kukataa. Leo najua maneno ambayo ningemwambia, maana nimeyapanga kichwani mara mia nikiwa nafua. Siku hiyo nilifikiria ada ya Hirwa, nikafikiria glavu zangu, nikafikiria kwamba mtu huyu ndiye aliyeniita kwenye chumba cheupe wakati wenye vyeti walinipita bila salamu. Nikachukua daftari nikaenda Nyabiyonza.

Nilipata kumi. Mwalimu mkuu, ambaye ana miti arobaini ya kahawa. Katekista. Jenifa fundi cherehani. Mwenye duka la dawa. Wote wana kahawa, wote wanachama, hakuna aliyesema uongo. Niliwajaribu mmoja mmoja vidole vyao, nikaandika majina yao kwa mpangilio. Mama Adelgunda nilimkuta uani anaanika kahawa kwenye mkeka. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akanishika mikono yote miwili kama anavyofanya siku zote, na mikono yake ilikuwa kama gome la mti. Sikumwandika. Nilimpa Melkiory daftari, akalisoma jina kwa jina hadi mwisho, akalifunga. Wala hakuniuliza kuhusu mama yake.

Siku ya jaribio watu walijaa. Nadhani kijiji kizima kilikuja, na wengine walitoka Kihanga kwa miguu. Walileta magunia yao wakayapanga nyuma, maana kituo kilikuwa kinafunguliwa rasmi kwa msimu siku hiyohiyo. Mgeni mkuu alikuwa Bwana Elipidius, mkuu wa manunuzi wa muungano, mtu wa Bukoba, mwenye suti ya kijivu na adabu nyingi. Mama Adelgunda alikuwa amevaa gauni lake la Pasaka. Alipita mbele ya wageni na kikapu cha akamwani, ile kahawa yetu iliyochemshwa na kukaushwa ya kutafuna, akamtilia kila mgeni kiganjani punje zake. Bwana Elipidius alizipokea kwa mikono miwili, akatafuna palepale. Watu wakampenda.

Melkiory akasimulia hadithi yake. Sitini na tano, hamsini na nane. Nimeisikia mara nyingi mno, na bado pale Nyabiyonza, mbele ya watu walioibiwa kwa mtindo uleule, nilihisi nywele zinanisimama. Wazee waliitikia kwa miguno. Kisha jaribio likaanza.

Mwalimu mkuu akaweka gunia. Kilo arobaini na moja na nusu. Akagusa kijani, kikalia, risiti ikatoka. Makofi. Katekista. Makofi. Jenifa akagusa kwa madaha kama anapiga picha, watu wakacheka. Wa nne, wa tano, hadi wa kumi. Karani wa kituo, kijana mmoja mstaarabu aitwaye Kashaija, alikuwa amesimama kando mikono nyuma, hana la kufanya, na watu walikuwa wanamtania kwamba sasa akalime. Bwana Elipidius alikuwa anaandika kwenye jalada lake huku anatabasamu. Nilimtazama Melkiory. Alikuwa anatoka jasho, na ukungu ulikuwa haujainuka.

Ndipo Mama Adelgunda akasimama.

"Na mimi?" akasema. "Nimewazalia mwenye mizani, halafu mnifungulie msimu bila kugusa?"

Watu wakapiga kelele za furaha. Vijana wawili walikuwa wameshainua gunia lake. Melkiory akasema, "Mama, wewe pumzika, utagusa baadaye," lakini nani amsikie? Gunia likawekwa. Tarakimu zikatokea, kubwa, wazi: sitini na tatu. Mama alizitazama kwa muda. Hajui kusoma maneno, ila tarakimu alijifundisha baada ya yale ya zamani. Akaziita kwa sauti moja baada ya nyingine, "Sita. Tatu," na uso wake ukafunguka kwa furaha ambayo sijawahi kuiona kwa mtu mzima.

Akanyoosha kidole akagusa kijani.

Kimya.

Akajifuta kwenye gauni, akagusa tena, safari hii kwa nguvu, kioo kikatikisika. Akajaribu kidole gumba. Akajaribu mkono wa kushoto. Watu waliacha kucheka. Mtu nyuma akasema kwa kilugha, "Mawe!" yaani mama wee, kwa sauti ndogo. Mama akageuka akamtazama mwanawe, akakitazama kidole chake, na nilimwona anavyopungua pale mbele yetu, na Pasaka yake yote mwilini.

Kashaija hakuwa na nia mbaya. Alisogea, akainama kwa heshima, akasema, "Shikamoo bibi, ngoja nikusaidie," akanyoosha mkono wake laini wa karani, akagusa mahali pa mkulima. Kikalia. Risiti ikatoka.

"Marahaba. Asante, mwanangu," Mama Adelgunda akamwambia, akaipokea risiti huku ameinamisha kichwa.

Watu wakapumua. Makofi yakaanza tena, hata yakazidi ya kwanza, ya kumliwaza. Bwana Elipidius akaguna kwa kuridhika. "Hilo ni dogo," akasema. "Kwa wazee karani atasaidia, tutaliweka kwenye mwongozo. Bwana Melkiory, nakupongeza. Mimi kwa upande wangu nimemaliza." Akafungua kalamu.

Tulikuwa tumeshinda. Nataka hilo lieleweke, maana wapo wanaosema Melkiory alibanwa ndipo akakiri. Hakubanwa na mtu. Kalamu ilikuwa imeshafunguliwa.

"Hapana," akasema Melkiory.

Bwana Elipidius akadhani hajasikia vizuri. "Unasemaje?"

"Hakijafaulu. Ndugu zangu, aliyeshika jembe wiki hii apite mbele. Acheni magunia. Vidole tu."

Walisita kwanza, kisha wakaanza kuja. Mwanamume mmoja, kimya. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni, kimya. Kijana, kikalia. Watatu mfululizo, kimya. Nilikuwa nahesabu bila kutaka, ndiyo kazi yangu. Watu arobaini walipita, na kioo kilisikia tisa. Melkiory alisimama kando yake muda wote, haangalii chini, kama mtu anayesomewa mashtaka yake. Halafu akamweleza Bwana Elipidius kuhusu wale kumi. Alisema aliwachagua yeye.

"Niliwachagua mimi," nikasema. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyopanga. "Daftari ni langu. Nilivipima vidole vyao mmoja mmoja."

Mwalimu mkuu alinitazama kwa jicho ambalo sitalisahau. Yule hakujua. Hakuna kati yao aliyejua kwa nini niliwashika mikono.

Bwana Elipidius alifunga kalamu taratibu. Hakukasirika, ingekuwa afadhali angekasirika. Alisema ameheshimu ukweli, lakini hawezi kuandika ripoti ya kitu ambacho mwenyewe amekikana, na msimu haungoji. Alisema tukirekebisha tuwaandikie. Alimuaga Mama Adelgunda kwa kumshika mkono, akamshukuru kwa akamwani, akapanda gari. Kashaija akaleta mizani ya zamani ya mshale kutoka ghalani, na watu wakarudi kupanga foleni na magunia yao kama mwaka jana na mwaka juzi. Wachache walikuja kumshika Melkiory bega. Wafanyakazi wenzangu walianza kufungua nyaya wakiwa wanalia, na mimi sikulia, nilikuwa na hasira na kila mtu, nikianza na mimi mwenyewe.

Saa tisa alasiri tulikwenda kwake, mimi na Melkiory, kumtazama mama. Alikuwa ameondoka kituoni bila kutuaga. Kioo tulikuwa nacho garini na betri yake, maana hatukutaka kukiacha kule kikachezewe. Njiani Melkiory alisema neno moja tu. Alisema, "Alimwita 'mwanangu'." Nikaelewa anamsema Kashaija.

Mlango wa mbele ulikuwa wazi, ndani hakuna mtu. Tukazunguka uani. Mama Adelgunda alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na jiko, gauni la Pasaka amelikunja magotini, mbele yake beseni la maji ya moto yenye povu. Mkononi alikuwa na lile jiwe la kusugulia nyayo. Alikuwa anasugua vidole. Alisugua kwa bidii, kichwa kimeinama, kama anavyosugua mtu sufuria iliyoungua. Maji ya beseni yalikuwa mekundu.

"Mama!" Melkiory akapiga kelele. "Unafanya nini?"

Alishtuka, kisha akatuonyesha mkono. Kidole cha shahada kilikuwa kimechunika, chekundu, kibichi, sugu ya miaka sitini imeondoka yote. Hakuwa analia. Alikuwa na haraka ya mtu aliyechelewa.

"Nimekuaibisha mbele ya watu," akasema. "Ningejua ningeanza tangu wiki jana. Kiko wapi kile kioo? Kilete nijaribu."

"Mama, acha. Si kosa la vidole vyako. Kioo ndicho—"

"Nimesema kilete."

Melkiory hakusogea. Mimi ndiye niliyekwenda garini. Sijui kwa nini nilimtii. Nadhani ni kwa sababu mama mzima akikuambia lete, unaleta. Nikakiweka mapajani mwake, nikakiwasha. Alifuta kidole kwenye kanga taratibu, akajikaza kwa maumivu, akagusa kijani.

Kikalia. Mara moja, kwa mlio mzuri, kama kinavyolia kwangu.

Mama Adelgunda akacheka kwa sauti. Akagusa tena, kikalia, akagusa tena. Palibaki doa jekundu juu ya neno NAKUBALI, akalipangusa kwa kiganja ili lisituharibie kazi. Akamshika mwanawe mkono kwa ule mwingine usiochunika.

"Unaona? Kilikuwa kizima. Mwanangu hajakosea kitu. Nenda basi, wawahi wale wakubwa, waambie warudi, mama yako sasa anaweza."

Melkiory alipiga magoti chini kwenye majivu, akaweka kichwa kwenye magoti ya mama, akalia kama mtoto. Mama alinitazama mimi, haelewi, akiningoja nimjibu. Nikalichukua lile jiwe kando ya beseni, nikamwambia wageni wameshaondoka.